Wageni Walao Nyama katika Maji ya Sondu

Nchi ya Roret, iliyo katika Bureti ya Kericho, ni nchi ya vilima vilivyovikwa chai, na kila kilima kina kijito chake chini, na kila kijito, kiwe kikubwa hata kihitaji daraja au kidogo hata mtoto akiruke, mwisho wa safari yake ni mto mmoja, nao ni Sondu. Itare na Kiptiget hushuka kutoka msitu wa Mau zikipita katika mashamba makubwa ya chai; Kipsonoi huja kwa upande wa Bomet na Sotik; na maji hayo yote yakiisha kukutana huwa mto mpana ambao Wajaluo wa nchi ya chini huuita pia Miriu, mto uangukao katika maporomoko ya Odino, ukatulia katika uwanda wa Nyakach, kisha ukajimwaga katika ghuba ya Winam, iliyo pembe ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya.

Katika njia hiyo ya maji, toka msituni hadi ziwani, wamo wageni wawili walao nyama, mmoja akikaa juu na mwingine chini. Wa juu ni trauti, samaki wa maji baridi ya Ulaya na Amerika, na wa chini ni mbuta, ambaye watu wa Tanzania humwita sangara, samaki wa Nile na wa maziwa ya Albert na Turkana. Wote wawili waliletwa na mkono wa mwanadamu. Wote wawili walitiwa majini na watu wenye elimu na mamlaka. Na juu ya wote wawili zimetungwa kanuni nyingi, zikasimamishiwa askari na kutozwa ada. Lakini mtu akizichungua kanuni hizo moja baada ya moja ataona jambo la ajabu, kwamba karibu zote ziliandikwa kumzuia mvuvi, wala hazikuandikwa kumzuia samaki.

Mwaka wa 1905 wastahili kukumbukwa katika tarehe ya mto huu, ijapokuwa mambo matatu yaliyotukia mwaka huo yalitukia mbali mbali na hayakujuana. Katika mwaka huo jeshi la Waingereza liliingia Sotik, likaua watu na kuteka ng'ombe kwa maelfu, na nchi ya Wakipsigis ikawekwa chini ya amri ya serikali mpya. Katika mwaka huo huo nyavu za kunasa samaki kwa matamvua, zilizofumwa Ulaya, zilianza kutandazwa katika ghuba ya Winam. Na katika mwaka huo Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa kusafiri kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kahawia kutoka Loch Leven katika nchi ya Uskoti, yakaja kwa meli na kwa reli, na hatimaye juu ya vichwa vya wapagazi, yakatiwa katika mto Gura penye milima ya Nyandarua. Baada ya miaka michache aliletwa pia trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika. Hivyo mshindi wa vita, wavu na samaki mgeni waliingia nchini kwa mlango mmoja wa wakati.

Sababu ya kuletwa kwa trauti haikuwa njaa. Mzungu wa tabaka la Grogan alitaka mto wa Afrika ufanane na mto wa kwao, apate kusimama ukingoni jioni na ufito wake mrefu, arushe mshipi wenye nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi, na angoje kuvutwa. Ilikuwa ni anasa na kumbukumbu ya nyumbani, na kwa ajili ya anasa hiyo mito ya nyanda za juu ilipandwa samaki kama bustani zipandwavyo maua. Mwaka 1929 uchu huo huo ulimleta samaki wa Marekani aitwaye bass katika Ziwa Naivasha, naye pia ni mla wenzake.

Kericho ilikuwa imeandaliwa kupokea anasa hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis walipewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakajaribu kulima kitani, na bei ya kitani ilipoanguka walifilisika. Na katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za Brooke Bond na James Finlay, zikavipanda vilima chai. Pamoja na chai walikuja mameneja na nyumba zao za mawe, na viwanja vyao vya gofu, na vilabu vyao. Na kijito kipitacho nyuma ya nyumba ya meneja kilikuwa kikionekana kupungukiwa na kitu maadamu hakina trauti. Itare, Kiptiget na Kiptariet zikapata jina miongoni mwa wavuvi wa mchezo, hata Brooke Bond ilipoijenga Tea Hotel mjini Kericho katika miaka ya 1950, uvuvi wa trauti ulihesabiwa miongoni mwa mambo ya kumvutia mgeni.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi samaki huyu alivyozidishwa, kwa kuwa kazi yenyewe inaeleza ni kiasi gani alipendwa. Katika kituo cha Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, kilichokuwa chimbuko la vifaranga vya trauti kwa mito ya nchi, jike aliyekomaa hushikwa kwa kitambaa kilicholowa, mkono mmoja karibu na kichwa na mmoja karibu na mkia, na tumbo lake hukandwa taratibu kuelekea chini mpaka mayai yenye rangi ya machungwa yamiminike katika bakuli kavu. Kisha dume naye hukamuliwa vivyo hivyo juu ya mayai hayo, yakachanganywa kwa wepesi, yakaoshwa, na kulazwa katika mabirika yapitiwayo na maji baridi usiku na mchana. Yai lililokufa hugeuka jeupe, nalo lisipoondolewa huota ukungu ukawaua jirani zake, basi huwapo mtu wa kuyachagua moja moja. Mtoto wa samaki aliyelelewa namna hiyo hakuwa kiumbe wa kuachwa avuliwe na yeyote.

Na kwa kweli hakuachwa. Serikali ya koloni ilikuwa na Msimamizi wa Samaki, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilishikwa na Hugh Copley. Ilikuwa na mtaalamu wa mito, V. D. van Someren, ambaye mwaka 1952 alitoa kitabu kizima juu ya maisha ya trauti katika Kenya; ilikuwa na leseni, na kipimo cha samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa, na amri kwamba katika mito ya trauti asivuliwe ila kwa nzi wa bandia. Mtoto wa Kikipsigis aliyeketi ukingoni na ndoana yenye mnyoo alikuwa mvunja sheria katika mto alioukuta baba yake na babu yake, ilhali trauti, aliyekula wadudu, kaa wa mtoni na samaki wadogo wa asili bila leseni, alikuwa mwenyeji mwenye haki zote. Ukitaka kujua maana ya neno udhibiti katika zama zile, maana yake ndiyo hiyo.

Ni haki kusema kwamba dhuluma hiyo haikupigiwa kelele sana katika Bureti, kwa kuwa Wakipsigis wa zamani walikuwa watu wa ng'ombe na wimbi, na samaki hakuwa chakula cha heshima mbele ya mzee mwenye zizi. Uchungu wao ulikuwa juu ya ardhi na malisho, wala si juu ya mto. Roret ilibaki ndani ya eneo walilowekewa wenyeji, jirani na mashamba ya kampuni, na watu wake walikatazwa hata kupanda chai mpaka miaka ya 1950, ndipo mkulima mdogo aliporuhusiwa, na mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ikaundwa mwaka 1964. Kwa hiyo samaki alipita chini ya macho yao akiwa ni mchezo wa watu wengine.

Basi nani aliyemzuia trauti asiteremke mto wote hadi ziwani akiteketeza kila kitu? Hakuzuiwa na Copley wala na askari wake. Alizuiwa na joto. Trauti ni mtumwa wa baridi: maji yakizidi nyuzi ishirini hudhoofika, hewa iliyomo majini humpungukia, na kuzaa kwake hukoma, kwa hiyo alitawala vijito vya juu vilivyofunikwa na msitu, na kadiri mto ulivyoteremka kupita mashamba na malisho, ukapata jua na tope, ndivyo enzi yake ilivyokwisha. Chini zaidi yalikuwapo maporomoko ya Odino, ngome ambayo samaki wa ziwani hawawezi kuipanda. Nchi ya kati, ambayo Roret imo ndani yake, ikawa kama mpaka baina ya falme mbili, na samaki wadogo wa asili wakapata humo pumzi waliyonyimwa juu na chini.

Tukishuka sasa chini ya maporomoko, tutakuta habari nzito zaidi. Hapo zamani za kabla ya wavu wa Ulaya, Wajaluo wa mwisho wa Sondu walivua kwa kek, yaani uzio wa miti na matete uliokatiza mto, wenye nafasi za kutegea migono, ukingoja msimu wa mvua. Mvua kubwa ilipoanza na mto ukajaa maji ya udongo, ningu na fwani walitoka ziwani makundi kwa makundi, wakaupanda mto kwenda kutaga katika mabonde yaliyofurika. Kek ilikuwa mali ya jamaa, ikisimamiwa na wazee na kujengwa kwa shirika. Nayo ilikuwa na rehema ya udhaifu wake, kwani mafuriko makubwa yaliivunja, na samaki wengi wakapita.

Wavu wa 1905 haukuwa na rehema hiyo. Ulipotandazwa katika ghuba, ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa soko, alianza kupungua kwa haraka, hata serikali ikamleta Michael Graham kufanya uchunguzi mwaka 1927 na 1928. Katika ripoti yake ya 1929 Graham alishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5, na akatoa onyo jingine, kwamba kumtia ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka mahali pengine ni jambo la hatari kubwa mno lisilofaa kufanywa bila uchunguzi mrefu wa matokeo yake. Ushauri wa kwanza ulifuatwa kwa muda, kisha ukaanza kuachwa katika miaka ya 1950. Baada ya hapo nyavu za macho madogo zilitegwa hata kwenye midomo ya mito, zikamngojea ningu pale pale alipokuwa akienda kutaga, naye akaporomoka, na kek zikabaki bila wa kuzijenga. Hili lataka kukumbukwa, maana leo kila hasara ya ziwa hutwikwa mbuta, na hali ningu wa Sondu alikuwa ameumizwa na uzi wa nailoni kabla ya mbuta kufungua kinywa chake katika ghuba.

Onyo la pili la Graham liliheshimiwa kwa miaka ishirini na kitu, na kisha likapuuzwa. Miongoni mwa maofisa wa idara ya wanyama na samaki ya Uganda walikuwapo waliosema kwamba ziwa limejaa fulu, samaki wadogo wa mifupa wasio na bei, na kwamba mbuta angewageuza kuwa nyama nene ya kuuzwa, fauka ya kuwapa wavuvi wa mchezo samaki wa kupigana naye. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1947, walikataa. Na Geoffrey Fryer, mmoja wao, aliandika mwaka 1960 akieleza kwamba kila mla nyama hupoteza sehemu kubwa ya chakula alacho, basi kumfuga samaki mla samaki ni kupunguza jumla ya mavuno, si kuiongeza. Wakati mjadala ukiendelea kwenye karatasi, mbuta walikuwa wamekwisha kutiwa kwa siri upande wa Jinja katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1960 wakaanza kuonekana katika nyavu. Kwa kuwa siri ilikuwa imefichuka na samaki hawezi kuitwa arudi, wakubwa waliona hapana tena sababu ya kujizuia: Entebbe walitiwa 35 mwaka 1962, na 339 mwaka 1963, na Kisumu, mwaka huo wa 1963, walitiwa wanane.

Wanane! Idadi ya samaki wanaoweza kuchukuliwa katika pipa moja nyuma ya gari. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi palionekana kana kwamba hapakutokea neno, na uchunguzi uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 bado ulikuta fulu wakiwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, na ghuba ya Winam ikiwa miongoni mwa mahali pa mwanzo, mbuta alifumka kama moto wa kiangazi. Fulu walikuwa wa mamia ya aina zisizopatikana popote pengine duniani, na aina zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka au zikawa haba kiasi cha kutoonekana. Katika ghuba walisalia mbuta mwenyewe, na omena, na sato wa Nile, ambaye naye ni mgeni.

Hapo ndipo ingetarajiwa udhibiti uanze. Ulianza, lakini kwa namna ile ile ya trauti. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Mwanza na Jinja, shehena zikaenda Ulaya, na mharibifu akawa tegemeo la hazina tatu, za Kenya, Uganda na Tanzania. Mtu hamtokomezi anayemlisha. Kwa hiyo nchi tatu, zikishirikiana katika Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria lililoundwa mwaka 1994, zilikubaliana kwamba mbuta wa kupelekwa kiwandani asiwe chini ya sentimita 50 wala asizidi 85, ili mtoto apate kukua na mzazi mkubwa apate kuzaa. Kanuni hiyo ina hekima yake kwa wanaotafuta riziki, wala siilaumu. Ila ni kanuni ya kumhifadhi mla nyama, na mwenye kuizingatia kwa ukamilifu hawezi kujisifu kwamba anampunguza. Ajabu ni kwamba palipovuliwa mbuta kupita kiasi, hata wakapungua katika miaka ya 1990, baadhi ya fulu walirudi wakaonekana tena. Njaa ya mwanadamu ilifanya bila kukusudia kazi ambayo sheria haikuithubutu.

Pako mahali pengine duniani palipojaribiwa njia kali zaidi. Katika mto Rondegat, milima ya Cederberg, Afrika ya Kusini, bass wa Marekani alikuwa amewamaliza samaki wa asili katika sehemu ya chini ya mto. Basi mwaka 2012, na tena mwaka 2013, wataalamu walitia dawa iitwayo rotenoni katika kilomita 4 za mto, juu ya ukuta unaomzuia samaki asipande, wakamuua kila mwenye matamvua, kisha wakawaacha wenyeji wateremke wenyewe kutoka maji ya juu. Njia hiyo ilifanikiwa, na samaki wa asili wakarejea. Dawa hiyo si ngeni kwa mtu wa pwani wala wa bara, kwa maana utupa, mmea uliopondwa na kutiwa katika vidimbwi vya miamba na vijito tangu kale ili samaki walewe, una sumu za jamaa moja na rotenoni. Sheria ya uvuvi ya Kenya ya mwaka 2016 inakataza kuvua kwa sumu, na inafanya vyema: mkono wa mvuvi mwenye haraka haupimi kipimo wala haujui mto unaishia wapi.

Je, njia ya Rondegat yafaa kwa Itare au Kipsonoi? Mimi naona haifai. Kilomita nne za bonde lisilo na watu ni jambo moja, na mto ambao mama huteka maji yake asubuhi, ng'ombe hunywa adhuhuri, na kiwanda cha chai huchota mchana kutwa, ni jambo jingine. Na juu ya hayo, mazingira yenyewe yamekwisha kumpunguza trauti pasipo ruhusa ya mtu: sehemu kubwa ya msitu wa Mau ilikatwa kutoka hifadhini kwa amri ya serikali mwaka 2001, mikaratusi ya kuni za viwanda imesimama katika mabonde mengi mahali pa miti ya asili, na tope linaloteremka na mvua hufunika changarawe ambamo trauti hutaga. Hata hivyo asishangilie mtu, kwa sababu tope lile lile na joto lile lile huwadhuru samaki wadogo wa asili na kaa wa mtoni. Kumfukuza mgeni kwa kuibomoa nyumba si udhibiti.

Hatari ya zama zetu iko mlango mwingine. Mwaka 2009 serikali ilianza kuchimba mabwawa ya samaki kwa fedha za kuinua uchumi, mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, na kila bwawa likiwa na mita za mraba 300; na miongoni mwa samaki waliogawiwa wakulima ni kambare, mla wenzake, awezaye kutambaa juu ya majani yaliyolowa kutoka dimbwi hadi dimbwi. Ufugaji ni jambo jema, na mwenye bwawa hapaswi kuonewa. Lakini bwawa lililochimbwa bondeni penye mkondo wa mafuriko ni sawa na mtego uliotegwa kwa mto mzima: siku ukingo ukipasuka, hapatakuwapo kikao, wala ripoti, wala leseni, bali kitoweo cha mtu mmoja kitakuwa mwenyeji wa maji ya watu wote.

Ndipo tarehe hii inapotupatia hukumu yake. Kati ya 1905 na leo, katika maji yanayotoka Mau yakafika Winam, uwezo wa kweli wa kumzuia samaki mla nyama ulikuwa mikononi mwa wanadamu kwa muda mfupi sana, nao ni muda wa kabla ya pipa kuinamishwa ukingoni. Grogan alikuwa nao penye Gura. Mameneja wa chai walikuwa nao penye Itare. Maofisa wa Uganda walikuwa nao, na Graham alikuwa amekwisha kuwaambia. Baada ya muda huo kupita, kazi yote iliachiwa baridi, maporomoko, nyavu na bahati. Kwa sababu hiyo, kama kaunti za Kericho na Bomet zinataka kanuni moja tu iliyo na nguvu kuliko leseni mia, na ziagize kwamba hakuna samaki asiye wa mto huu atakayetiwa katika kijito, bwawa au lambo lolote la bonde la Sondu mpaka watu wa chini ya mto, hadi Nyakach, waulizwe na wajibu. Na kwamba bwawa la samaki lichimbwe mahali ambapo mafuriko hayafiki, likiwa na wavu kwenye tundu lake la kutolea maji. Gharama yake ni wavu huo, na mkutano mmoja wa baraza, na subira ya msimu mmoja wa mvua, ambayo ni nafuu kubwa mbele ya yale yaliyolipwa kwa samaki wanane wa Kisumu.